Miezi 14 na mashine nyeupe ya kahawa: uzoefu wangu wa kuisafisha na kuitunza

Nilipoichagua mashine hii ya kahawa, ile aina ya kawaida inayodondosha maji ya moto juu ya chujio, sikuwa na sababu ya kitaalamu hata moja; ilikuwa nyeupe mwili mzima, isipokuwa birika la kioo na bamba jeusi la kupashia moto, nami nikaipenda. Walioiona walinitabiria kwamba baada ya mwezi mmoja ingekuwa na madoa kila upande. Sasa imetimiza miezi 14 ya kutumika karibu kila asubuhi, na ninachotaka kueleza hapa si ladha ya kahawa yake, bali kazi ya kuiweka safi, kwa kuwa hilo ndilo jambo nililotamani kulisoma kabla ya kununua.

Madoa ya nje hayakunisumbua kama nilivyotishwa. Kahawa hupata rangi yake ya kahawia wakati buni zinapokaangwa, na rangi hiyo ikichanganyika na mafuta ya kahawa yenyewe hushika kwenye plastiki pale inapoachwa ikauke. Tone lililofutwa papo hapo kwa kitambaa chenye unyevu halibakishi alama. Tone lililolala usiku kucha hudai sabuni ya vyombo na subira. Sehemu inayochafuka zaidi si ile inayoonekana mbele, bali ukingo wa chini wa mfuniko, ambako mvuke hupanda na kugeuka matone kila siku. Kwa doa lililokomaa, mimi huchanganya vijiko 3 vya bikabonati ya soda, ile ya kuumulia keki, na kijiko 1 cha maji, nikaupaka ule ujiuji, nikauacha kwa dakika 10 hivi, kisha nikafuta taratibu kwa kitambaa laini. Mswaki mkuukuu wenye nywele laini hufika kwenye mifereji inayozunguka vitufe. Bila shaka, plagi huwa imeshachomolewa na mashine imeshapoa, na maji hayamwagwi juu yake moja kwa moja.

Kosa langu kubwa nilifanya mwezi wa pili. Kwa haraka nilitumia upande mkavu na mkali wa sponji kuondoa doa karibu na swichi. Doa lilitoka, lakini na mng'ao wa plastiki ulitoka pia, na tangu hapo kile kipande chenye ukungu wa mikwaruzo ndicho kinachoshika rangi kabla ya sehemu nyingine yoyote, kwa sababu kila mkwaruzo ni mtaro mdogo wa kuhifadhia kahawa.

Jambo la pili nililojifunza kwa gharama ya macho yangu ni kwamba si kila unjano ni uchafu. Mashine ilikaa kando ya dirisha, na kufikia mwezi wa saba upande uliotazama jua ulikuwa na rangi ya maziwa yaliyochacha, ilhali upande wa ukutani ulibaki mweupe. Nilisugua bila mafanikio yoyote. Plastiki nyingi nyeupe za vyombo vya umeme hugeuka rangi zenyewe zinapopigwa na mionzi ya jua na joto kwa muda mrefu. Mabadiliko hayo yamo ndani ya plastiki na hakuna sabuni inayoyafikia. Wapo wanaorudisha weupe wa vifaa vya zamani, kama vile kompyuta, kwa kutumia haidrojeni peroksaidi na mwanga mkali, ila sikuona busara kujaribu hilo kwenye chombo cha kupikia kinywaji. Niliihamisha tu mashine mbali na dirisha, na unjano haujaongezeka kwa kiasi ninachoweza kukiona.

Dawa za klorini za kung'arisha nguo sikuzigusa kabisa, na ningemsihi kila mwenye mashine nyeupe asishawishike nazo. Zikikutana na siki au asidi nyingine iliyobaki ndani ya mashine, hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu kwa mapafu.

Baada ya kuhangaika na weupe wa nje ndipo nilipogundua kwamba uchafu wenye madhara kwa mashine nao ni mweupe, tena hauonekani. Maji yenye madini mengi yanapochemshwa huacha kabonati ya kalsiamu, yaani ganda la chokaa, ndani ya bomba jembamba linalopita kwenye kipasha moto. Mashine yangu, iliyokuwa ikijaza birika kwa dakika 8, ilifika dakika 13, huku ikikoroma na kutoa mvuke mwingi kuliko kahawa. Kinywaji nacho kilipwaya, jambo lisilo la ajabu, kwa kuwa kahawa huhitaji maji ya nyuzijoto 90 hadi 96 za Selsiasi ili itoe ladha yake vizuri, na ganda la chokaa huzuia joto lisiyafikie maji ipasavyo.

Mara ya kwanza nilitumia siki na maji, nusu kwa nusu. Chokaa ilitoka, lakini harufu ilikaa kwenye mipira ya ndani, na ilinibidi nipitishe maji matupu mara tano kabla ya kunywa kahawa isiyonuka kachumbari. Zaidi ya hayo, wapo watengenezaji wanaokataza siki katika vitabu vyao vya maelekezo, hivyo ni vyema kusoma kwanza. Tangu wakati huo natumia unga wa asidi ya sitriki, gramu 20 hadi 30 kwa lita moja ya maji. Nauyeyusha kabisa kabla ya kumimina tangini, napitisha nusu ya maji hayo, nazima mashine kwa nusu saa ili asidi ifanye kazi, namalizia nusu iliyobaki, kisha napitisha maji safi mara mbili au tatu. Siku ya kwanza vilitoka vipande vyeupe kama maganda ya yai, na muda ukarudi dakika 8 na nusu. Narudia kila baada ya miezi miwili. Mwenye maji laini, yaani yenye madini machache, anaweza kungoja zaidi. Ushauri wa kuchanganya siki na bikabonati tangini kwa pamoja niliupuuza, kwa maana asidi na bikabonati huuana nguvu. Povu linapendeza, lakini linalobaki karibu ni maji ya chumvi tu.

Kikapu cha chujio na birika havina siri kubwa. Machicha humwagwa mara tu kahawa inapokwisha, na kila kitu huoshwa kwa sabuni siku hiyohiyo, kwa sababu mafuta ya kahawa huvunda na kuchafua ladha ya birika linalofuata. Palipohitaji uangalifu zaidi ni kile kivalvu chenye springi chini ya kikapu, kinachozuia matone birika linapoondolewa. Chembe za kahawa hujificha hapo, na nilikisahau kwa wiki kadhaa hadi kilipoanza kuvuja.

Lawama yangu nzito naielekeza kwenye tangi. Halitoki. Ili kumwaga mabaki ya maji sina budi kuiinua mashine nzima, nayo imepoa na kuchomolewa, na kuiinamisha juu ya sinki, na hata hivyo hubaki kiasi kidogo pembeni. Niliposafiri kwa siku kumi nikiwa nimeufunga mfuniko, nilikuta utelezi na harufu ya ukungu, na ikanilazimu kufuta kwa kitambaa kilichofungwa kwenye mpini wa kijiko cha mbao. Siku hizi mfuniko hubaki wazi hadi tangi likauke. Nikinunua tena nitachagua nyeupe bila kusita, lakini kabla ya kuiangalia rangi nitavuta tangi nione kama linatoka.