Corolla 110 na kutu ya Kigamboni: uzoefu wangu kwa mafundi wawili

Nina Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998. Injini haisumbui, gia zinaingia vizuri, ila bodi ilikuwa inaliwa na kutu. Naishi Kigamboni, Dar es Salaam, gari linalala nje, na miaka sita sasa navuka na pantoni karibu kila siku. Ule upepo wa chumvi ukipata sehemu iliyochubuka, kazi inaanza siku hiyohiyo.

Vijipele vya kwanza vilitokea juu ya tairi za nyuma na kwenye bati la chini ya milango. Nikapeleka gereji moja mjini. Siku ya tatu gari likatoka linang'aa, nikalipa laki mbili na nusu nikiwa na furaha. Masika hayajaisha, vijipele vikarudi, vikubwa zaidi. Nilibonyeza kimoja kwa kidole gumba: poti, ile pasta ya kujazia mashimo ya bodi, ikabanduka kipande kizima kama ukoko wa wali, na nyuma yake hapakuwa na bati tena, ni unga mwekundu tu. Walikuwa wamekwangua juu juu, wakajaza poti, wakapiga rangi. Poti hunyonya unyevu, kwa hiyo kutu iliendelea kula huku mimi naona rangi nzuri. Iliniuma sana.

Fundi wa pili yuko Mbagala, anafanyia kazi chini ya mwarobaini. Hakugusa rangi kwanza. Alichukua nyundo ndogo akawa anagongagonga upande mzima huku ameinamisha sikio. Bati zima linalia kwa sauti kavu, lililooza linatoa sauti ya kufa. Kisha akachukua bisibisi, akaisukuma chini ya mlango wa nyuma, ikazama mpaka kwenye mpini. Akaniambia, "Kaka, hapa usinunue rangi. Nunua bati."

Tulipong'oa viti na zulia, sifongo ya chini ilikuwa imelowa chepechepe. Chanzo tulikiona hapohapo: matundu ya kutolea maji chini ya milango yalikuwa yamezibwa na matope, mengine na poti ya wale wa kwanza. Mvua inaingia kupitia mpira wa kioo, kama ilivyo kwa gari lolote, lakini haina pa kutokea.

Alichomoa betri kabla ya kuwasha mashine, akakata kwa grenda mpaka akafika kwenye chuma cheupe, akaweka bati jipya la geji 18 (geji ni kipimo cha unene wa bati). Alichomelea nukta moja moja, akiruka huku na kule ili joto lisipinde bati. Palipokuwa na kutu ya juu tu, tulisugua kwa brashi ya waya, tukapaka dawa ya kutu niliyoinunua mtaa wa Gerezani. Dawa hiyo ina asidi ya fosfori, na kutu iliyobaki hugeuka nyeusi na ngumu. Inafanya kazi kweli, ila magamba yatoke kwanza, kwa sababu haipenyi kutu nene. Baada ya hapo praima ya zinki (rangi ya msingi ya kuzuia kutu), rangi yenyewe, na ndani ya mifereji ya bati nta ya kupuliza kwa mpira mrefu. Ile lami nyeusi ya chini ilipigwa mwisho kabisa. Ukiipiga juu ya kutu, inafungia maji ndani.

Majirani walinishauri nimwagie oili chafu chini. Nilikataa. Inaharibu bushi na mipira mingine, halafu inadondoka ardhini tunapochimba visima.

Gharama ilifika laki nne na themanini. Aliahidi siku nne, zikawa tisa, na weupe wa rangi upande wa kulia haufanani sawasawa na ule wa zamani. Bado ningempelekea tena. Ni miezi 14, masika mbili zimepita, zulia ni kavu na bati la chini linalia vizuri kila mahali. Jumapili naosha chini ya gari kwa maji ya bomba, hasa ndani ya madigadi, na kila mwezi napitisha waya mwembamba kwenye matundu ya milango.

Kutu imejitokeza sehemu moja tu, nyuma ya tairi la kushoto ambapo kokoto zimechubua rangi. Ni ndogo kama punje ya mahindi. Fundi nimeshampigia, tutaisugua kabla ya vuli.