Uzoefu wangu: kuisoma Ireland ya karne ya 16 na 17 kupitia maisha ya watu wake

Kama unataka kuielewa Ireland ya karne ya 16 na 17, hasa namna watu walivyoishi dini yao wakati Kanisa lilipogawanyika, usianze na kitabu kinene cha historia ya jumla. Anza na maisha ya watu. Mahali pa kuyapata ni Dictionary of Irish Biography, kamusi ya wasifu iliyoandaliwa na Royal Irish Academy ya Dublin. Ilitoka mwaka 2009 ikiwa na mijalada tisa, mzigo ambao zaidi ni maktaba zilizoweza kuubeba. Tarehe 17 Machi 2021, siku ya Mtakatifu Patriki, mmisionari wa kale na msimamizi wa Ireland, ilifunguliwa intanetini kwa kila mtu, bure. Sasa ina wasifu wa watu karibu 11,000. Nimeitumia muda mrefu, mara nyingi kwenye simu, na nitaeleza nilichokipata humo pamoja na vitu vingine viwili ninavyovisoma kando yake.

Kilichonivuta ni dini. Nilisomeshwa Nairobi na masista wa Loreto, shirika lililotoka Dublin na kufika Kenya mwaka 1921, kwa hiyo majina ya watakatifu wa Ireland nilikuwa nayo mdomoni kabla sijajua kisiwa chenyewe kiko wapi. Oliver Plunkett, kwa mfano. Tulijua kwamba ni shahidi, basi. Kamusi ilinionyesha mtu kamili: mzaliwa wa Loughcrew mwaka 1625, aliyesoma Roma akabaki kufundisha huko, akateuliwa Askofu Mkuu wa Armagh mwaka 1669 na kurudi katika nchi ambayo hakuwa ameiona kwa zaidi ya miaka ishirini. Alifungua shule Drogheda chini ya Wajesuiti, na hata watoto wa Waprotestanti wakasoma humo. Aligombana na baadhi ya mapadre na watawa aliotaka kuwarudisha kwenye nidhamu. Tarehe 1 Julai 1681 aliuawa Tyburn, London, kwa mashtaka ya uhaini yaliyosimama juu ya ushahidi wa uongo, na miongoni mwa waliosimama kizimbani kumshuhudia vibaya walikuwamo watawa na mapadre wa nchi yake mwenyewe. Hilo la mwisho darasani hatukuambiwa, na kwangu ndilo linalofanya kifo chake cha kishahidi kiniguse zaidi. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1975.

Kila wasifu unamtaja mzazi, mwalimu, rafiki, adui, na kama mtu huyo naye anao wasifu wake humo, jina lake limewekewa alama ndogo ya qv. Unaligusa, unahamia kwake. Hapo ndipo raha ilipo. Unaingia kwa askofu wa Kiprotestanti, unatokea kwa padre Mjesuiti, na njia iliyokupeleka ni undugu wa damu.

Mfano wangu mkuu ni James Ussher. Wengi wamemsikia kwa hesabu yake kwamba ulimwengu uliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Alizaliwa Dublin mwaka 1581, akawa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa Trinity College, chuo kikuu cha jiji hilo, na mwaka 1625 akashika kiti cha Armagh kwa upande wa Kanisa la Ireland, lile la Kiprotestanti lililokuwa chini ya mfalme. Mwaka uliofuata yeye na maaskofu wenzake walitoa tamko kwamba kuwaachia Wakatoliki uhuru wa dini yao ni dhambi kubwa. Ukiishia hapo, umeshamweka kwenye kapu lake. Lakini ligusa jina la Richard Stanihurst. Huyo ni mjomba wake, ndugu wa mama yake, mwandishi Mkatoliki aliyehamia ng'ambo na baada ya kufiwa na mke akawa padre. Mjomba na mpwa walipingana mambo ya imani kwa maandishi. Gusa jina la Henry FitzSimon: Mjesuiti aliyefungwa katika ngome ya Dublin, ambaye Ussher akiwa kijana mdogo alimwendea gerezani kubishana naye kuhusu dini. Halafu mguse David Rothe, askofu Mkatoliki wa Ossory, mtu ambaye kwa sheria hakupaswa hata kuwa askofu. Yeye na Ussher waliandikiana juu ya watakatifu wa kale na maandiko ya kale ya Ireland.

Nilikaa sana na jambo hili. Mtu yule yule anayeweka sahihi tamko la kuwanyima wenzake uhuru anamwandikia askofu wao barua za kitaaluma, kwa sababu wote wawili wanampenda Patriki na kila mmoja anadai kuwa ni wa kwake. Kwa Ussher, Kanisa la Patriki lilikuwa safi kabla ya Roma kuliharibu. Kwa Rothe, Patriki alitumwa na Roma. Ili wabishane walihitaji hati zile zile, na hati zilikuwa chache. Kitabu cha historia ya jumla kitakupa kambi mbili. Wasifu unakukalisha mezani kwa familia moja.

Kisa cha Margaret Ball kinauma kuliko vyote. Mjane wa Dublin, Mkatoliki, nyumba yake ilikuwa kimbilio la mapadre. Mwanawe Walter alijiunga na Uprotestanti, akawa meya wa jiji mwaka 1580, na akamfunga mama yake katika ngome ya Dublin. Alifia humo kiasi cha mwaka 1584. Mtoto wake mwingine, Nicholas, alibaki Mkatoliki, naye pia alikuja kuwa meya, lakini mama hakutoka. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenyeheri mwaka 1992. Sijawahi kusoma maelezo ya matengenezo ya Kanisa yaliyonifundisha kama ugomvi wa nyumba hii moja.

Kwa upande wa pili wa uzio namweka William Bedell. Mwingereza wa Essex, aliyewahi kuwa kasisi wa balozi wa Uingereza kule Venice na rafiki wa mtawa msomi Paolo Sarpi. Alikuja Ireland kuongoza Trinity mwaka 1627, na miaka miwili baadaye akawa askofu wa Kilmore. Wenzake wengi walitaka wananchi wajifunze Kiingereza kwanza ndipo wahubiriwe. Bedell alijifunza Kiairishi mtu mzima, akawatafuta wajuzi wa lugha hiyo, akiwamo Murtagh King, wakalitafsiri Agano la Kale. Agano Jipya lilikuwa limeshachapishwa tangu mwanzoni mwa karne hiyo. Sisi tunaosoma Biblia kwa Kiswahili tunaujua uzito wa kazi hiyo, na tunajua pia kwamba mtafsiri anayeheshimu lugha ya watu huonekana kwa macho mengine kabisa. Uasi wa Wakatoliki ulipolipuka Oktoba 1641, Bedell alikamatwa na kufungwa kwa muda katika ngome iliyo kisiwani ndani ya ziwa Oughter. Alifariki Februari 1642, na waasi wenyewe ndio waliomsindikiza kaburini kwa heshima za kijeshi. Tafsiri yake ilichapishwa mwaka 1685, zaidi ya miaka arobaini baada ya kifo chake, kwa fedha za mwanasayansi Robert Boyle.

Sasa matumizi yenyewe. Kurasa ni maandishi zaidi kuliko picha, kwa hiyo hazili bando. Wasifu mwingine ni aya moja au mbili, mwingine ni makala ndefu ya kusomwa jioni nzima. Jina la mwandishi limewekwa, na mwishoni kuna orodha ya vyanzo. Mwanafunzi anayeandika tasnifu atashukuru. Kiingereza chake ni cha kitaaluma, hakina mbwembwe, ila hakikusubiri: msomaji asiyejua Shirikisho la Kilkenny ni nini, serikali ile ya Wakatoliki iliyoanza mwaka 1642, itabidi asome pembeni kidogo. Jambo la kuzoea ni majina. Mtu mmoja ana jina la Kiingereza na la Kiairishi, na tahajia zake ni nyingi. Padre Geoffrey Keating, aliyeandika historia ya Ireland kwa Kiairishi kiasi cha mwaka 1634, ni Seathrún Céitinn yule yule. Usipompata kwa jina moja, jaribu la pili.

La tarehe pia lina mitego. Uingereza ilibaki na kalenda ya zamani, huku Roma na Hispania wakifuata ile ya Papa Gregori, siku kumi mbele. Ndiyo maana vita vya Kinsale vinasomwa kuwa tarehe 24 Desemba 1601 kwa Waingereza na 3 Januari 1602 kwa Wahispania. Ukikuta vitabu viwili havipatani kwa siku kumi, usiharakishe kusema kimoja kimekosea.

Kamusi hii, kama kamusi zote za wasifu, inawajua walioacha maandishi au waliotajwa na walioandika. Wanawake ni wachache kwa karne hizi, na mkulima anayezungumza Kiairishi tu karibu hayumo. Sehemu ya sababu ni moto. Juni 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la kumbukumbu za taifa pale Four Courts, Dublin, liliteketea pamoja na hati za karne nyingi. Kilichosalia kimesalia kwa sababu kilikuwa mahali pengine.

Mojawapo ya vilivyosalia ni ushahidi wa mwaka 1641, na hicho ndicho kitu cha pili ninachokisoma. Ni maelezo kama 8,000 ya walionusurika katika uasi ule, wengi wao Waprotestanti: wajane, wafumaji, wakulima, wenye maduka. Wameeleza waliibiwa nini, nani aliwafukuza, nani aliuawa. Mijalada 31 imehifadhiwa katika maktaba ya Trinity tangu 1741, na tangu 2010 unaweza kuyasoma yote intanetini bure, picha ya ukurasa pamoja na nakala iliyopigwa chapa. Tahajia ni ya karne ya 17, kila mwandishi na yake. Soma kwa sauti, sikio litaelewa kabla ya jicho.

Humo utamkuta Elizabeth Price wa Armagh, ambaye watoto wake walikuwa miongoni mwa waliosukumwa mtoni na kuzama pale Portadown, na ambaye baadaye alisema aliuona mzuka majini ukilia kisasi. Nilisoma maelezo yake nikaweka simu chini. Lakini soma ukijua ni nani aliyeyakusanya. Tume iliongozwa na Henry Jones, kasisi wa Kiprotestanti, na maelezo haya yalikuja kutumika kuhalalisha kisasi cha Oliver Cromwell, kamanda wa jeshi la Uingereza, mwaka 1649 na kunyang'anywa ardhi kulikofuata. Uchungu wa shahidi ni wa kweli. Kazi aliyotwishwa uchungu huo ni jambo jingine, na ni lazima uyashike yote mawili kwa pamoja.

Kitu cha tatu ni kitabu, na ndicho pekee nilichokitolea fedha: Devoted People cha Raymond Gillespie, kilichochapishwa na Manchester University Press mwaka 1997. Nilipata nakala iliyotumika, kurasa zote zipo. Hakipangi habari kwa makanisa. Kinauliza watu wa kawaida walimwonaje Mungu akitenda katika maisha yao: katika ugonjwa, mavuno, radi, ndoto, visima vitakatifu. Jibu lake ni kwamba Mkatoliki na Mprotestanti, waliotukanana Jumapili, waliishi katika ulimwengu mmoja ambamo Mungu aliadhibu na kuokoa waziwazi. Baada ya kukisoma, mzuka wa Elizabeth Price haukuwa tena kioja cha mama aliyechanganyikiwa na huzuni. Ulikuwa lugha ambayo jirani yake Mkatoliki angeielewa neno kwa neno. Ni kitabu chenye maneno yaliyobanana, na anayekifungua bila kujua chochote kuhusu kipindi hicho atachoka mapema. Ndiyo sababu nasema wasifu kwanza.

Mwalimu wa historia, mseminari, mtawa anayetaka kujua mizizi ya shirika lake, au mtu yeyote anayependa habari za maisha ya watu, wote nawapendekezea kamusi hii bila kusita. Anayetafuta mtiririko wa vita na wafalme kutoka mwaka hadi mwaka hataupata humo. Achukue kitabu cha historia ya kawaida.

Wa kuanza nao? Ningekupa Wafransisko watatu. Anza na Bruda Mícheál Ó Cléirigh, aliyetumwa kutoka chuo cha Louvain, Ubelgiji, mwaka 1626 kurudi Ireland kukusanya maisha ya watakatifu, na ambaye kati ya 1632 na 1636 aliandaa na wenzake kumbukumbu kuu za historia ya kisiwa, mwaka kwa mwaka, zinazoitwa za Mabwana Wanne (Annals of the Four Masters). Kutoka kwake nenda kwa John Colgan, aliyeyachapisha maisha hayo ya watakatifu Louvain mwaka 1645. Kisha Luke Wadding wa Waterford, aliyeanzisha chuo cha Mtakatifu Isidori kule Roma mwaka 1625 na kupigania sikukuu ya Patriki iingizwe katika kalenda ya Kanisa zima. Bando dogo linatosha kwa wote watatu.