Mabati ya geji 28 badala ya makuti, Lamu

Moto ukishika paa moja la makuti, hurukia la pili kabla watu hawajachota maji. Vichochoro vya Lamu havipitishi gari la zimamoto, na asubuhi familia kadhaa hazina pa kulala. Kwa hilo tu, bati lashinda. Chukua geji (kipimo cha unene wa bati) 28, si 30: ya 30 ni nyembamba, chumvi ya bahari huila mapema. Msumari wenye mpira upigwe juu ya mgongo wa bati. Ukipigwa bondeni maji yanamopita, paa litavuja na kutu itaanzia hapohapo. Makali yaliyokatwa yapakwe rangi siku hiyohiyo. Joto la bati, lakini, ni adhabu! Weka dari, uache matundu ya hewa. Ndani ya Mji wa Kale, uliza kwanza ofisi ya uhifadhi wa majengo ya kale.