mbpoll: programu ya bure inayoongea na mita, inveta na PLC (tumeijaribu Tanga)

Haya, karibuni tena. Leo sina boksi la kufungua mbele ya kamera. Bidhaa yenyewe haina rangi, haina kitufe, haina hata picha. Inaitwa mbpoll. Ni programu ya kuandikia amri kwenye terminali: unaandika mstari mmoja, unabonyeza Enta, nayo inakwenda kuiuliza mita ya umeme, inveta (kifaa kinachoendesha mota na kubadili kasi yake) au PLC (kompyuta ndogo inayoongoza mashine) iliyomo ndani ya paneli ina namba gani, kisha inakuletea jibu. Kazi yake ndiyo hiyo tu, na ni bure, leseni yake ni GPL, ile inayomruhusu yeyote kuitumia na kuibadilisha. Mwenye Ubuntu au Debian anaandika hivi:

sudo apt install mbpoll

Ukiwa na bando dogo usiogope, ni programu nyepesi sana.

Lugha inayozungumzwa hapo ni Modbus. Ilitolewa mwaka 1979 na kampuni ya Modicon ya Marekani kwa ajili ya PLC zake, kwa hiyo ina umri mkubwa kuliko wengi wenu mnaonitazama. Lakini haijastaafu. Ni nyepesi, maelezo yake yako wazi, na watengenezaji wa mita, inveta, vipima joto na mitambo ya sola wameichukua. Fundi anayezunguka viwanda vya hapa Tanga, iwe saruji, maziwa au kamba za mkonge, akikaa bila kuijua anajinyima kazi.

Sasa twende kwenye jaribio. Hapa nilipo ni kiwanda kidogo cha barafu, si mbali na Deep Sea kule wavuvi wanakoshusha samaki. Mnausikia huo mlio nyuma yangu, ni kompresa. Ukutani kuna mita ya fezi tatu, skrini yake imekufa. Hewa ya huku ina chumvi, chuma kinaliwa, vioo vinaingia ukungu, sishangai. Mama mwenye kiwanda amenipa ruhusa ya kurekodi, ila jina la mahali tuliache. Skrini imekufa, lakini pale chini ya mita zipo tundu mbili zimeandikwa A na B. Hizo ni RS-485, njia ya vifaa kuongea kwa nyaya mbili, na kwa bahati zenyewe bado zinapumua. Nimechukua adapta ya USB, waya mmoja A, wa pili B, upande wa pili laptopu.

Angalizo dogo kuhusu hizo herufi: watengenezaji hawakubaliani A ni ipi. Ukiona kimya, zima, geuza nyaya, jaribu tena. Kuzigeuza hakuunguzi kitu. Kinachounguza ni adapta ya bei chee isiyotenganisha umeme wa mtambo na wa laptopu yako. Hapo nunua yenye aizolesheni, na kama hela haitoshi subiri mwezi ujao.

Amri ninayoandika ni hii, isimamisheni video muinakili:

mbpoll -m rtu -a 1 -b 9600 -P none -t 3:float -B -r 1 -c 3 -1 /dev/ttyUSB0

Nyingi humo zinajieleza. -m rtu ni Modbus ya kwenye waya, -c 3 ni kusoma namba tatu, moja kwa kila fezi, na /dev/ttyUSB0 ni ile adapta. -a ni anwani ya kifaa, kwenye waya mmoja vinaweza kukaa vingi na kila kimoja kina namba yake kati ya 1 na 247. -b ni mwendo wa mawasiliano, -P ni pariti, ile alama ya kukagua kama ujumbe umefika salama. Hizi mbili zisemeni wazi kila mara, maana mbpoll isipoambiwa inachukua 19200 na pariti ya even, wakati mita nyingi za madukani zinatoka zimewekwa 9600 bila pariti. Watu wanakaa nusu siku wanalaumu waya.

Ile -1 ya mwisho maana yake soma mara moja unyamaze. Ukiisahau itauliza kila sekunde mpaka uizuie kwa Ctrl na C. Baadaye mtaona kwamba hilo ni jambo zuri.

Palipo na utamu ni hapa, -t 3:float pamoja na -B. Rejista moja ya Modbus, yaani kisanduku kimoja cha namba ndani ya kifaa, inabeba namba nzima tu, kuanzia 0 hadi 65535. Haijui nukta. Sasa mita inataka kukwambia volti 230.2, itafanyaje? Inaipanga namba hiyo kwenye rejista mbili. Ukizisoma mbichi utaona 17254, halafu 13107. Mtu asiyejua atadhani mita imechanganyikiwa. Ukimwambia mbpoll hiyo ni float, yaani namba yenye nukta, inaziunganisha. Lakini ipi itangulie? Modbus yenyewe haikuamua, kila mtengenezaji kafanya lake. Bila -B mbpoll inaanza na ile ya nyuma, na hiyo 230.2 inakutokea kama 4.17e-08, yaani karibu na sifuri kabisa. Tazameni, naifuta -B... hiyo hapo. Nairudisha... 230 na ushee. Waya uleule, mita ileile. Kwa hiyo ukikutana na namba ya ajabu namna hiyo, kabla hujamwambia mteja anunue mita mpya, jaribu -B.

Na -r nayo ina mtego wake. Kitabu cha mita hii kinasema volti ya fezi ya kwanza iko 30001. Ile 3 ya mbele ni aina ya rejista, ndiyo -t 3. Kinachobaki ni 1, ndiyo -r 1. Vitabu vingine vinahesabu kuanzia sifuri, humo utakuta imeandikwa 0000. Basi ongeza -0 kwenye amri, halafu -r 0. Ukikosea kwa moja tu unasoma nusu ya namba hii na nusu ya jirani yake, na majibu yanakuja bila programu kulalamika. Mimi naona hapa ndipo wanaoanza wanapopotea zaidi kuliko kwenye waya.

Ikilalamika je? Kuna malalamiko ya namna mbili na msiyachanganye. Chukulia umepiga hodi. Ikija "Connection timed out", hakuna aliyeitikia: nyaya, mwendo, pariti, au anwani si yake. Ikija "Illegal data address", mwenye nyumba kaitikia vizuri, ila uliyemuulizia haishi hapo. Waya ni mzima, mwendo ni sahihi, rudi kwenye kitabu utafute rejista. Hili peke yake linaokoa muda kiasi kwamba hata ningekuwa na programu ya kulipia yenye madirisha na grafu, bado ningeanza na mbpoll.

Kama anwani yenyewe huijui, andika -a 1:20, itazipitia moja moja. Itachukua muda kidogo kwa sababu kila isiyojibu inasubiriwa sekunde moja.

Sasa ile ya kuuliza mfululizo. Mama alikuwa na tatizo lake: kompresa inapata moto kupita kawaida, na mafundi waliopita walikuja na testa, wakapima, wakasema umeme mzuri. Naiondoa -1, naweka -l 500 ili isome kila nusu sekunde. Kompresa imezimwa. Fezi zote tatu: 231, 230, 231. Safi, hata mimi ningesema umeme mzuri. Sasa kijana anawasha... angalieni mstari wa tatu. 229, 229, 211. Inabaki hapohapo. Akizima, inarudi 231.

"Mwanangu, hizo namba zinasema nini?" Huyo ni mama, yuko nyuma ya kamera.

"Mama, fezi ya tatu inachoka ikibebeshwa mzigo. Ikipumzika inaonekana nzima."

"Ndiyo maana waliokuja wote wamesema haina kitu!"

Ndiyo maana. Walipima mashine imelala. Volti ikishuka kwenye fezi moja tu, na inashuka pale mzigo unapoingia, mara nyingi kuna maungio yamelegea au yameliwa kabla ya mita. Mota ya fezi tatu ikipewa volti zisizolingana, mikondo yake inapishana kwa kiasi kikubwa zaidi kuliko volti zenyewe, na huo ndio moto. Tulizima umeme mkuu, tukafunga swichi kwa kufuli, tukafungua. Nawaletea karibu muone: hii skrubu ya fezi ya tatu kwenye swichi kuu, shaba imegeuka kijani, na plastiki ya pembeni imebadilika rangi kwa joto. Programu haikunionyesha skrubu, jamani. Ilinionyesha fezi gani na wakati gani. Kutafuta skrubu ni kazi ya fundi.

Mpaka hapo ni kusoma. Kuandika ni habari nyingine, na hapa ndipo ninapoipunguzia alama. Ukiweka namba mwishoni mwa amri, baada ya /dev/ttyUSB0, mbpoll haisomi tena. Inaandika. Haikuulizi una uhakika, haikuombi neno la siri. Na kosa si lake peke yake: Modbus ya asili haina neno la siri wala haifichi ujumbe. Kifaa kinamtii yeyote aliyefika kwenye waya, au kwenye mtandao kupitia mlango (port) namba 502.

Kwenye mita unaweza kuharibu mipangilio, basi. Kwenye inveta, rejista moja inaweza kuwa ndiyo ya kuwasha mota. Fikirini korona, mashine ya kukamua nyuzi za mkonge, mtu kainama anatoa nyuzi zilizokwama, wewe uko ofisini unajaribu namba. Siandiki kwenye kifaa kilichofungwa kwenye mashine mpaka mashine imefungiwa umeme na mtu amesimama pale. Nikitaka kujifunza kuandika, natumia inveta iliyo mezani isiyo na mota.

Na wanaosema "nani atahangaika na vifaa vyetu", wasome habari za Lviv, Ukraina. Januari 2024, katikati ya baridi, majengo ya makazi zaidi ya 600 yalikosa joto kwa karibu siku mbili. Programu hasidi iliyotumika, watafiti waliipa jina FrostyGoop, ilikuwa inatuma amri za Modbus kwa vidhibiti vya mfumo wa kupasha joto. Amri za kawaida tu, za aina hiihii. Kwa hiyo fundi anayefungua mlango 502 kwenye ruta ili asome mita akiwa nyumbani kwake Raskazone, anaufungua kwa dunia nzima.

Kero nyingine ndogondogo. Matokeo hayaji na saa, kwa hiyo ukitaka kumbukumbu ya usiku kucha inabidi uizungushe mwenyewe pamoja na amri ya date na kuyamwaga kwenye faili. Vifupi vya amri vina herufi kubwa na ndogo zenye maana tofauti: -p ni mlango, -P ni pariti, -b ni mwendo, -B ni ule mpangilio wa rejista. Usiku ukiwa umechoka, utazichanganya. Na inajua Modbus tu. PLC ya Siemens S7 kwa kawaida ina lugha yake kwenye mlango 102. S7-1200 itakujibu kwa Modbus endapo tu aliyeiprogramu ameweka sehemu hiyo ndani yake. Msije mkasema nimewadanganya.

Alama zangu: kusoma na kutafuta tatizo, tisa kati ya kumi. Kuandika, tano, na hizo tano ni kwa sababu inafanya kweli ulichoiambia. Mwenye Raspberry Pi kabatini aitoe, inatosha kabisa kwa kazi hii, na ukiambiwa "Permission denied" jiongeze kwenye kundi la dialout, la watumiaji wanaoruhusiwa kugusa adapta kama hiyo, kisha utoke na kuingia upya. Video ijayo nitafunga adapta mbili tofauti kwenye kebo ndefu, nione ipi inakosa majibu kwanza kompresa ikiwaka.