Shindano la Insha la Gravity Research Foundation: Linamfaa Nani?

Kila mwaka, chuo kinapofunguliwa, wanafunzi wa fizikia wa mwaka wa tatu na wa shahada ya uzamili huniuliza ni shindano gani la insha linaloweza kuwapatia fedha za kuendelea na masomo. Nimeamua kuandika tathmini ya lile ninalolitaja mara nyingi kuliko mengine yote, nalo ni shindano la kila mwaka la Gravity Research Foundation ya Marekani, ambalo limekuwa likipokea insha juu ya kani ya uvutano tangu mwaka 1949.

Chimbuko lake linastahili kujulikana. Mwanzilishi, Roger Babson, alikuwa mfanyabiashara aliyepata jina kwa kutabiri mienendo ya soko la hisa. Dada yake alikufa maji wakiwa wadogo, na Babson alikua akiamini kwamba ni uvutano uliomzuia asirudi juu. Kwa hiyo alitaka ipatikane maada inayoweza kuukinga uvutano, kama pazia linavyokinga mwanga, na insha za miaka ya mwanzo ziliitwa kwa lengo hilo. Mwaka 1953 mwanafizikia kijana Bryce DeWitt alituma insha iliyosema waziwazi kwamba kuitafuta maada ya namna hiyo ni kupoteza wakati, na kwamba kwanza nadharia ya uvutano yenyewe inahitaji kueleweka. Majaji walimpa zawadi ya kwanza, dola 1,000. Miaka minne baadaye, yeye na mkewe Cécile DeWitt-Morette walikuwa Chapel Hill, North Carolina, katika mkutano wa mwaka 1957 ambao ulirudisha utafiti wa uvutano katikati ya fizikia. Kwangu mimi, uamuzi ule wa kumtuza mtu aliyepinga nia ya mfadhili ndio unaolipa shindano hili heshima yake, na ndio sababu kubwa ya kulipendekeza kwa mwanafunzi anayeogopa kusema anachokiona.

Orodha ya washindi inathibitisha kwamba heshima hiyo haikupotea. Mwaka 1971 zawadi ya kwanza ilikwenda kwa Stephen Hawking, akiwa na umri wa miaka 29, kwa insha kuhusu mashimo meusi, yaani sehemu za anga ambazo uvutano wake ni mkali kiasi kwamba hata mwanga hauwezi kutoka. Ni katika kipindi hichohicho alipoonyesha kwamba, kwa mujibu wa nadharia ya uhusianifu ya Einstein, inayoeleza uvutano, eneo la mpaka wa shimo jeusi haliwezi kupungua, hoja ambayo watafiti waliipima mwaka 2021 kwa kutumia mawimbi ya uvutano, yaani mitikisiko ya anga yenyewe, yaliyonaswa mwaka 2015.

Masharti ni machache na yanaeleweka. Insha isizidi maneno 1,500, iwe na muhtasari usiozidi maneno 125, na kila mwandishi atume moja tu, kwa barua pepe, kabla ya tarehe 1 Aprili. Hakuna ada ya kushiriki, jambo ambalo kwa mwanafunzi wa kwetu si dogo hata kidogo. Matokeo hutangazwa katikati ya mwezi Mei.

Ukomo huo wa maneno ndio ninaousifu zaidi. Mwanafunzi mmoja aliniletea rasimu ya maneno zaidi ya 4,000, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa historia ya Newton na Einstein kama inavyopatikana katika kitabu chochote cha kiada. Tulikaa nayo kwa wiki tatu tukipunguza, na baada ya kila kilichokuwa cha watu wengine kuondolewa, lilibaki swali moja lake mwenyewe, lililohusu jinsi nyota mbili zinazozungukana zinavyopoteza nishati. Insha hiyo haikushinda, lakini swali lile ndilo lililokuja kuwa msingi wa pendekezo lake la utafiti wa uzamili. Katika miaka yangu ya kufundisha sijaona zoezi lingine linalomfikisha mtu kwenye swali lake haraka kiasi hicho.

Hata hivyo, anayetafuta ada ya chuo asiliwekee shindano hili matumaini yake yote. Zawadi ya kwanza katika miaka ya karibuni imekuwa dola 4,000, ya pili dola 1,250, na ya tano dola 500. Ni fedha za maana, lakini hutolewa mara moja tu na hazina mkataba wa kumsomesha mtu. Tena hakuna kundi la wanafunzi peke yao, hivyo kijana wa shahada ya kwanza hushindanishwa na maprofesa waliotumia maisha yao katika nadharia ya uhusianifu. Na kwa kuwa mada ni uvutano pekee, mwanafunzi anayeshughulika na nishati ya jua, sayansi ya maada au fizikia ya tiba, kama walivyo wengi katika idara zetu, hana nafasi humo.

Kwa hiyo ninalipendekeza kwa mwanafunzi wa uzamili, na kwa yule wa mwaka wa tatu aliyekwisha kusoma somo la uhusianifu na ana msimamizi aliye tayari kuisoma rasimu yake bila huruma. Aanze mwezi Oktoba, na aandike kwanza ule muhtasari wa maneno 125. Ukimshinda, aendelee kusoma na asubiri Oktoba inayofuata.