Praima ya zinki fosfeti kwenye chuma cha kale: uzoefu wangu

Roshani ya nyumba yetu hapa Mji Mkongwe, Unguja, ina ukingo wa chuma cha kusubu (kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu) wenye nakshi za maua, chuma cha aina ile ile ya nguzo za Beit al-Ajaib, iliyojengwa 1883. Kwa chuma kama hiki napendekeza praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, ya zinki fosfeti. Masika yamepita na hakuna palipobanduka.

Dukani utapewa kwanza redoksaidi, ile praima nyekundu ya kawaida. Kwa geti jipya sina neno, ila nyingi za bei nafuu hufunika tu chuma kwa juu. Zinki fosfeti hukinga chuma chenyewe hata unyevu ukipenya. Kazi hiyo zamani ilifanywa na rangi ya risasi nyekundu, ambayo ni sumu, kwa hiyo rangi za kale msizikwangue kavu kavu. Zilowesheni, vaeni barakoa, watoto wakae mbali.

Lakini praima nzuri juu ya chumvi ni pesa iliyotupwa baharini. Chumvi hujificha ndani ya vishimo vya kutu na kuvuta unyevu hewani. Utaijua kwa vijitone vya kahawia vinavyochomoza kwenye chuma ulichokwisha kukisugua kikang'aa. Tulisugua kwa brashi ya waya, tukaosha kwa maji matamu, tukakausha, tukarudia mpaka vijitone vikakoma. Kwenye mikunjo ya maua, brashi isikofika, nilipaka dawa ya asidi ya taniki, na kutu ikageuka nyeusi yenye ubuluu mbele ya macho yangu. Hapo ndipo praima ikaingia, mikono miwili, kisha rangi ya mafuta juu yake.

Muuzaji mmoja alinisisitizia rangi ya "paka juu ya kutu". Kwa chuma cha pwani siikubali hata kidogo. Epoksi, rangi ya kuchanganya sehemu mbili, nayo ni ngumu kweli, ila jua huichakaza ikawa unga kama chaki, hivyo haifai kuachwa juu peke yake.

Palipovunjika, msimwachie fundi wa geti achomelee hivi hivi, maana chuma cha kusubu kikichomelewa bila kupashwa moto taratibu hupasuka pembeni ya kiungo. Na walio Mji Mkongwe waanzie kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe, inayosimamia hifadhi ya mji, kabla ya kununua hata kopo moja.