Second Life: hakimiliki, vibali na viwanja (uzoefu wangu)

Second Life ni ulimwengu wa mtandaoni ambamo watumiaji hujenga, huuza vitu na hununua viwanja. Kwa mtu anayebuni vitu, naipa nyota nne. Kwa anayenunua kiwanja akidhani amepata hati, mbili tu.

Nyota nne zinatokana na uamuzi wa Linden Lab, kampuni inayoiendesha, wa Novemba 2003: hakimiliki ya ulichokiunda hubaki kwako. Hakimiliki ni yako, ila nakala anayoshika mnunuzi ina vibali vitatu unavyompangia: kurekebisha, kunakili, na kumpa mwingine. Kunakili na kumpa mwingine huwezi kuvifunga vyote kwa pamoja. Mfumo hulazimisha kimoja kibaki wazi. Nyumba na nguo naziwekea kunakili bila kumpa mwingine, maana mnunuzi akiharibu nakala moja anatoa nyingine bila kukusumbua.

Wauzaji wapya wanaumizwa na kilicho ndani. Skripti (msimbo unaokiendesha kitu) na picha zilizomo kwenye kitu zina vibali vyake zenyewe. Ukifunga vibali vya kitu ukasahau vya skripti, mnunuzi anakifungua, anaitoa, na anaweza kuigawa atakavyo. Kagua yaliyomo kimoja kimoja, halafu kitume kwenye akaunti yako ya pili uone mnunuzi ataruhusiwa nini. Usiruke hatua hii.

Hata hivyo vibali havimzuii mwizi aliyekusudia: picha na maumbo lazima yafike kwenye kompyuta ya mtazamaji ndipo yaonekane, na CopyBot, programu ya kunakili vitu vya wengine, ilidhihirisha hilo mwaka 2006. Silaha yako ni notisi ya DMCA, sheria ya Marekani ya hakimiliki, ya kudai kilichoibwa kiondolewe. Kwa hiyo tunza mafaili ya kazi ya awali, yenye matabaka na tarehe.

Sasa ardhi. Eneo zima ni mita 256 kwa 256. Kiwanja cha mita za mraba 1,024 barani (ardhi ya Linden Lab yenyewe) hubeba vitu vya uzito wa 351 (kipimo cha mzigo ambao vitu huuweka kwenye ardhi), na mti mmoja uliotengenezwa ovyo unaweza kula sehemu kubwa. Unachopata ni leseni. Katika kesi ya Bragg, mchezaji aliyeishtaki Linden Lab kwa kumnyang'anya ardhi yake, mwaka 2007, mahakama ya Pennsylvania ilikataa kumlazimisha aende kwenye usuluhishi, lakini pande mbili zilipatana kabla ya suala la umiliki kuamuliwa. Visiwa vya watu binafsi ni hatari zaidi: mwenye kisiwa asipolipa ada, kiwanja "ulichonunua" kinaondoka nacho. Soma masharti yake, na lipa kwa wiki, si kwa mwaka.

Barabara za bara zinatunzwa na Linden, na avata (umbo la mtumiaji humo ndani) yeyote anapita. Hatua moja kando ni kiwanja cha mtu, na mstari wa kuzuia wageni unalikwamisha gari papo hapo. Tafadhali, wenye viwanja vya kando ya barabara, mistari hiyo iondoeni. Ukitaka kiwanja chako kiwe uwanja wa watu wote, ruhusu kujenga na weka urejeshaji wa vitu (mfumo unawarudishia wageni vitu walivyoacha) wa dakika 30. Ukiacha sifuri umeuzima, na vitu vya wageni vitakumalizia zile 351.